Mgeni wa Simu ya Zamani

Tangu milango ianze kuitii simu, mwenye simu ya zamani huhesabiwa mgeni hata kwake. Bi Mwanahawa alirudi tena kutoka dukani mikono mitupu, miguu inawaka moto. Kila akiulizia simu mpya, jibu ni lilelile: "Mzigo uko njiani, bibi."

"Huo mzigo unakuja kwa magoti?"

Akapiga hodi kwake. Mlango ukatangaza, "Kuna mgeni."

Mumewe, mzee Shomvi, mwenye simu mpya, akafungua. Siku zote humtania, "Karibu, mrembo, umepotea?" Leo alimkalisha sebuleni, akamletea chai kwenye vikombe vya kabatini, vile vya wageni.

"We Shomvi, acha mzaha."

Mzee akaitazama simu yake, kisha akauliza kwa adabu, "Utalala, au unapita tu?"