Jiko Lililoingia Kwenye Mchoro

Siku hizi jumba la sanaa la chuo kikuu likipanuliwa, nyumba za majirani hazibomolewi. Zinazungushiwa ukuta, na chochote kitakachokutwa ndani huhesabiwa sanaa, hakitoki tena. Bi Mwanatumu alikuwa akikaanga vitunguu ukuta ulipofungwa.

"Usihofu, shangazi," msanifu alimwambia huku akikunja mchoro. "Jiko lako ndilo ukumbi mpya. Hatugusi kitu."

"Na mume wangu? Nimemtuma nazi."

"Atakuja saa za wageni."

Vitunguu viliungua, naye akakatazwa kuviepua. Alasiri Mzee Shomvi akasimama nyuma ya kamba, nazi mkononi. Bi Mwanatumu akanyoosha mkono aipokee, vidole vyao vikakaribia kukutana.

"Mzee," mlinzi akasema kwa upole, "sanaa haiguswi."