Duara Jeusi

Ifahamike kwa vizazi vyote kwamba siku ya maonyesho ya vyuo, elimu ya juu ilishuka kwa utukufu katika bwalo la shule yetu, lililokuwa bado linanuka maharage.

Fomu ya Tunu ilikuwa na nafasi ya chuo kimoja tu. Kila meza aliiuliza, "Mwaka wa kwanza nitafanya utafiti, au nitausoma tu?"

"Utafiti ni wa maprofesa, binti," chuo kikubwa kilimjibu. Hadubini yao ilikuwa imefungiwa kabatini.

Kwenye meza ya mwisho, mwalimu mwenye koti lililochakaa alimsogezea hadubini yake. "Shika. Wenzako wa mwaka wa kwanza wanaitumia kila siku."

Tunu alichungulia kwa muda mrefu. Alipoinua uso, jicho lilikuwa limezungukwa na duara jeusi. Bwalo zima likaangua kicheko.

Yeye akagusa weusi ule, akanusa kidole. "Rangi ya viatu. Mwalimu, naweza kuanza utafiti leo?"

"Hata sasa hivi."

Akajaza fomu kwanza. Kisha akapita kwa waliocheka, akikagua vidole kimoja kimoja, bila kujifuta, ametulia kama hakimu. Wa mwisho alikuwa msimulizi wenu, mikono mifukoni.

"Toa, bwana mkubwa."

Nikatoa. Akakishika kidole gumba changu cheusi, akakisogeza taratibu chini ya lenzi.