Kiberiti cha Mchungaji

Shetani angechomwa rasmi kanisani, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumapili hiyo, saa nne kamili. Baba yake Olivier alikuwa ameapa kuacha pombe, na mchungaji aliimimina kachasu yake ya mwisho, ile gongo kali, kwenye sahani, akawasha kiberiti ili waumini waone inavyowaka.

Njiti ilizimika: tsss.

Kanisa likacheka. Mama yake Olivier hakucheka. "We Papa Olivier, umeleta maji? Hata Mungu unamudanganya?"

"Mi sijafungua hiyo chupa, naapa!"

Olivier, mwenye miaka kumi na minne, aliitazama mikono yake ikitetemeka juu ya kitabu cha nyimbo. Hakuona aibu wala woga. Tangu vita vya Uvira, kule Kongo walikotoka, hakuwa akihisi kitu.

"Njo mimi, Papa," Olivier akakiri. "Nilikunywa yote, nikajaza maji. Bila hiyo silali."