Salamu Kutoka Dubai

Waliokuwa wakilia waliamriwa wanyamaze, maana marehemu alikuwa anapigiwa simu.

"Mufunge midomo!" Eugène alipita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akipunga mikono kama anayefukuza kuku. "Déo anaita! Munyamaze bote!"

Ua wote ukawa kimya. Hata wimbo wa kanisa ulikatwa katikati ya ubeti. Mama Godelieve alizikwa jana, udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi, na mwanawe Déogratias hakuwa ameambiwa. Namba iliyokuwa ikiita ilikuwa ya Déogratias.

Usiwacheke. Baba yake Déo alipofariki, mtu mmoja mwenye kiherehere alimpigia Bertin, kaka yake mkubwa, akampasulia habari hiyo akiwa juu ya pikipiki, akishuka milima ya Fizi kuja hapa mjini Baraka. Bertin hakuimaliza kona. Familia ikachimba makaburi mawili. Tangu siku hiyo Eugène, baba yao mdogo, akaweka sheria: katika nyumba hii kifo hakipiti kwenye simu. Mtu anaitwa nyumbani kwa uongo wowote ule, anapewa chakula, anazungukwa na watu wake, ndipo anaambiwa. Na sasa Déo ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume pekee aliyebaki.

Shida ni kwamba alikuwa mbali. Aliishi Kanada, akifanya kazi katika kiwanda cha nyama, na mwaka huu kiwanda kiliwazawadia yeye na Vainqueur, rafiki yake kutoka kijiji jirani cha Lweba, safari ya meli ya starehe. Leo abiria walikuwa wameshushwa Dubai, watembee mpaka jioni.

"Pokea," Eugène alimwambia Gentille.

Gentille alikuwa binti wa mwisho wa marehemu, na sauti yake ilikuwa ya mama yake mtupu, kikohozi na vyote. Kumwiga mama aliye hai ni mchezo wa watoto. Kumwiga aliyelala udongoni tangu jana ni dhambi, na alijua hivyo. Akapokea.

"Alo, mwana yangu."

"Mama? Ni we kweli?"

"Ni mi. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Mafua, mama. Clim ya meli inatoa baridi sana. Na kamera ya simu ilivunjika, tutasikilizana tu hivi."

Eugène alimshukuru Mungu kwa kamera hiyo.

Sauti ikaanza kuusimulia mji, haraka haraka, kama inayoogopa kuulizwa kitu. Nyumba zinapanda mpaka mawinguni. Kuna duka lenye kilima cha barafu ndani, na nje jua linaunguza. Kuna mtaa mzima wa dhahabu tupu.

"Na hapa penye niko, baliweka samaki nyuma ya kioo, ukuta muzima. Kuko moja mukubwa kama pirogi ya bavuvi."

"Nani anabavua?"

"Hakuna, mama. Batu banalipa juu ya kubaangalia tu."

"Balikosa kazi!"

Gentille akacheka. Kilikuwa kicheko cha mama yake, kilekile cha kupanda na kuishia kwenye kikohozi, na wanawake kwenye mikeka wakauma vitenge vyao wasipige yowe.

Kisha sauti ikashuka. "Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Uko peke yako? Baba mudogo iko karibu?"

Eugène alitoa macho. Nani amemwambia kitu huyu? Siku hizi WhatsApp haina adabu hata kidogo. Akainama sikioni kwa Gentille: "Anatutega. Cheka tena."

Gentille akacheka tena, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Batu bamejaa hapa, mwana yangu. Usiwe na wasiwasi. Mi niko na nguvu kushinda yako."

"Asante Mungu," simu ilisema. "Basi sikia, mama. Safari ya meli inaishia hapa. Nakuja ku nyumba."

"Kweli?"

"Kweli. Vainqueur atanifikisha mpaka ku mulango."

Eugène aliruka, ngumi juu, bila sauti. Tangu jana alikuwa akijikuna kichwa atamvuta kijana kwa uongo gani, wa kesi ya shamba au wa ndoa, na sasa kijana anajileta mwenyewe! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Eugène ilikuwa imevuka bahari na kurudi na faida.

Alimpa Gentille ishara amalize. Gentille hakumaliza kama alivyoagizwa. Alilisema neno ambalo hakuna aliyemtuma kulisema, na ambalo mama yake hakupata nafasi ya kulisema.

"Mama anakupenda sana, Déo."

Simu ilikatika.

Gentille akaanguka kwenye mkeka, na wanawake wakapewa ruhusa ya kulia.

Kule Dubai, mbele ya ukuta wa samaki, Vainqueur aliitia mfukoni simu ya rafiki yake na kujifuta uso kwa kiganja. Maiti ya Déogratias ilikuwa imelazwa kwenye chumba cha baridi cha meli tangu juzi, lakini mama yake, Mungu asifiwe, alikuwa bado na nguvu za kuipokea.