Ng'ombe Aliyefura Tumbo

"Huo mchezo unahusu nini?" Mzee Ndambiri aliuliza tena, maana jibu la kwanza lilimpalia pamoja na chai.

"Ng'ombe amefura tumbo, mzee," Kaberia alisema. "Watu wanaimba mpaka anapona. Kama hujaenda, enda. Ukitoka hapo utaona hata dunia ni nzuri."

Ndambiri aliweka kikombe chini. Chai yenyewe ilikuwa ya rangi. Tangu Aprili, ng'ombe wake wa pekee aliposhiba majani mabichi ya viazi vitamu, akafura tumbo na kufa, nyumba hii ya Karurumo haikuwa imeonja maziwa, na mzee hakutaka kusikia habari za ng'ombe mwingine. Leo kijana huyu wa mbali, wa mji wa Maua, aliyekuja kumchumbia binti yake, anamshauri apande gari mpaka Embu mjini akatazame msiba wake ukiimbwa jukwaani!

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Ya ng'ombe, mzee. Hapo Embu."

"Ng'ombe ya nani?"

"Ya kikundi."

"Inatoa maziwa?"

Kaberia alikuna kichwa. "Bado."

Alipoinuka kuaga, alishika kiuno kama aliyeshinda akibeba magunia ya kahawa. Ndambiri hakukosa kuona. Mvivu, tena mgonjwa!

"Wazee wa Kaberia wanakuja Jumapili," mkewe, Rwamba, alimkumbusha. "Utawaambia nini?"

"Hapana. Mtu wa Maua na msichana wa Karurumo, hao watatembea pamoja aje? Huyu atavuta huku, huyu kule."

Igoki, msichana mwenyewe, hakuwepo kuyasikia hayo. Siku hizi kila jioni alikuwa mjini kwenye mazoezi ya kwaya, na alirudi jasho likimtiririka, nywele zimelala, magoti yamejaa vumbi.

"Hiyo ni kwaya gani ya magoti?" Ndambiri alimuuliza mkewe.

"Wanaomba sana," Rwamba alijibu upesi.

Rwamba huyohuyo ndiye aliyenunua tiketi mbili. Jumamosi alimvalisha mumewe koti la kanisani na kumburuta mpaka ukumbini. Ndambiri alikaa mikono kifuani, amenuna. Alimtafuta Kaberia kwenye viti vyote asimwone. Kumbe hata mchezo anaousifu haji kuutazama!

Ng'ombe akaingia: ngozi ya magunia yaliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, na miguu minne ndani ya gambuti. Watu wakacheka. Ndambiri hakucheka.

Ng'ombe akala majani. Tumbo likafura. Wanakijiji wakaanza kumtembeza wakiimba, kama Ndambiri alivyomtembeza wake, ila yeye alikuwa peke yake na hakuwa na wimbo. Miguu ya mbele ikilegea, ya nyuma inasukuma. Ya nyuma ikiteleza, ya mbele inangoja. Wawili waliokuwa ndani wakaanguka pamoja, wakainuka pamoja. Mzee alishika fimbo yake.

"Mtembezeni!" alipiga kelele. "Kichwa juu! Msimwache alale!"

Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa ameshasimama katikati ya viti, anaonyesha kwa fimbo.

Ndipo ng'ombe akateuka, hewa yote ikamtoka tumboni. Nyuma ya pazia tarumbeta lililia mbweu ndefu iliyotingisha madirisha, na ukumbi mzima ukalipuka kwa wimbo. Ndambiri alilia waziwazi, akacheka, akapanda juu ya benchi.

"Nyinyi wawili mlio ndani ya hiyo ng'ombe!" alinguruma. "Sijawahi kuona watu wakitembea pamoja hivyo! Mungu ananisikia, na hawa wote wananisikia: binti yangu akipata mtu wa kutembea naye namna hii, sitauliza ametoka wapi. Kesho nampatia!"

"Amina!" Rwamba aliitikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ngozi ilifunguka kwa nyuma, akatoka Kaberia, ameshika kiuno.

Ndambiri alimeza mate. Kisha akajifariji haraka: ahadi haimhusu huyu. Huyu alikuwa akitembea na mtu mwingine.

Kichwa cha ng'ombe kikavuliwa. Ndani yake, jasho likimtiririka, nywele zimelala, alikuwa Igoki.

"Baba," alisema, "umesema kesho?"