Mahali pa Mkalimani

Jumapili hiyo Mchungaji Mwasaga aliipita mimbari, akasimama kushoto kwake, mahali pa mkalimani.

"Leo mama huyu, mkalimani wetu, atahubiri kwa lugha yake," alisema. "Kwa kumsikiliza nimeijua; mimi nitatafsiri."

Wazee wa kanisa waliachama. Kwenye mabenchi ya nyuma, walikoketi wakimbizi wa lugha hiyo, watoto walisimama juu ya benchi ili waone.

Mkalimani alishika kipaza sauti, akasema sentensi moja tu, akampa mchungaji kipaza hicho. Huko nyuma wanawake waliziba midomo kwa viganja.

Mchungaji alikishusha kipaza sauti, akafuta jasho shingoni.

"Tafsiri, baba," mama alimwambia kwa upole.

Mchungaji akatafsiri neno kwa neno: "Miaka yote hii nimemtafsiria Mchungaji, naye hajawahi kuniuliza jina langu."

Kisha akamgeukia, akamnyooshea kipaza sauti alitaje.