Lebo Nyekundu

Kidonge kilikuwa kimelala ndani ya maji vuguvugu, kizima kama kokoto, na muda wake wa kuyeyuka ulikuwa umekwisha.

Mkemia alimtazama meneja wa kiwanda akijifuta jasho. Huyu ndiye aliyefunga maabara, akamwachisha kazi, akaikabidhi kampuni ya nje kazi ya kupima dawa. Hakuuliza kampuni hiyo ingemwajiri nani.

“Kipe dakika chache, dada. Malori yanasubiri. Sisi si watu wa nyumba moja?”

“Ulisema wa nyumbani wanaoneana haya, bosi. Ukataka wa nje.”

Akabandika lebo nyekundu ya dawa iliyokataliwa kwenye katoni ya kwanza, akaisugua kwa kidole gumba mpaka pembe zote zikashika. Kisha akamkabidhi meneja bunda la lebo zilizobaki.

“Nishikie. Katoni bado ni nyingi.”